Kabla hujapeleka barua kwa waziri wa kaunti, soma hii kwanza

Mvua ya Aprili ilinifunza adabu. Nina kaduka ka chipsi huku Umoja, Nairobi, na mtaro wa mbele ulikuwa umejaa chupa za soda, matambara, hadi kagodoro ka mtoto, kwa hivyo ikinyesha maji yanapanda ngazi yanaingia ndani, mteja anakula miguu ikiwa juu ya kiti. Nikaandika barua moto moto kwa waziri wa Mazingira wa kaunti juu nilijua takataka ni Mazingira, si ndio?

Nikaipeleka ofisini kwake. Karani wa hapo, mama wa makamo, akaisoma yote alafu akavua miwani.

"Kijana wangu, unalia na mtaro ama unalia na taka?"

"Madam, si ni kitu kimoja?"

"Mtaro ni wa watu wa barabara na ujenzi. Shuka chini."

Sasa hapo ndio nilianza kusoma hii serikali yetu imepangwa aje. Hao tunaowaita mawaziri, sheria inawaita wanachama wa kamati tendaji ya kaunti. Gavana anawateua, bunge la kaunti linawapiga msasa, na hawafai kuwa MCA, yaani mjumbe wa hilo bunge. Idadi pia ina kipimo: bunge likiwa na wajumbe 30 na zaidi, mwisho ni mawaziri 10, na hapa Nairobi tuna wadi 85 kwa hivyo ni 10 tu, wajumbe wakiwa chini ya 30 mawaziri hawapiti thuluthi ya wajumbe, kama Lamu. Watu 10 kwa jiji hili lote! Ndio maana utapata idara moja imebeba vitu vitatu vinne, na majina yanabadilika juu gavana ndiye anayegawa kazi, akiamka anaweza kuhamisha mtu. Kwa hivyo usishike jina la idara, shika kazi yenyewe, alafu ulize mlangoni saa hizi iko kwa nani.

Na hakikisha kwanza ni kazi ya kaunti. Chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali kuu. Hospitali ya Pumwani ni kaunti, hospitali ya Kenyatta ni serikali kuu. Thika Road usisumbue gavana nayo, hiyo ni ya KeNHA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara kuu.

Kitu kingine ambacho nimekuja kujua nikiwa nimechelewa: chini ya waziri kuna afisa mkuu, huyo ndiye anaendesha idara siku kwa siku. Waziri anasema tufanye, lakini makaratasi ya pesa yanapita kwa afisa mkuu. Barua yako iandikie waziri, nakala kwa afisa mkuu, nyingine kwa MCA wako, na yako mwenyewe usiondoke bila muhuri wa tarehe. Mimi ya kwanza sikugongewa muhuri, nikaanza upya (nauli mara mbili, na siku hiyo duka limefungwa).

Baadaye vijana walikuja na majembe, wakazibua vizuri kabisa, wakarundika tope kando ya mtaro, wakaenda. Nikawauliza hili tope nani anabeba?

"Boss, hiyo sasa ni Mazingira."

Nikachukua barua, nikapanda ngazi tena kwa yule mama. Aliniona tu kwa mlango akaanza kucheka.