Muulize Fundi: IST nyeusi imejaa miduara

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST nyeusi ya mwaka 2004, naishi Kigamboni. Kijana wa mtaani ananioshea kila Jumapili mchana kwa sabuni ya unga na maji ya kisima. Jua likipiga boneti naona miduara kama utando wa buibui, na kuna madoa meupe ya maji yasiyotoka. Bei ya kung'arishiwa niliyotajiwa siiwezi. Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza, ila kwanza tuache kuliharibu, maana miduara hiyo hukuipata barabarani. Ni mchanga wa Kigamboni uliojificha kwenye dodoki, halafu mkono wa kijana ukauzungusha. Kwangu dodoki lenye mchanga ni msasa tu. Mtu akianza kusugua gari kavu lenye vumbi, hata mbele ya duka la dawa, mimi husimama nikamwambia.

Osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa. Maji yatangulie mkono: mwagia gari zima hadi mchanga uteremke wenyewe, na pitisha mengi chini na ndani ya madigadi, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Kisha weka ndoo mbili za lita 20, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu. Tumia taulo la maikrofaiba. Anza paa, shuka taratibu, na upitishe taulo kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza. Ringi na sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho, na ziwe na kitambaa chao.

Sabuni ya unga irudi kwenye nguo. Kazi yake ni kuondoa mafuta, kwa hiyo kila Jumapili inaondoka na nta yoyote iliyokuwepo. Maji ya kisima yatumie mwanzoni. Weka akiba ndoo moja ya maji ya mvua, au ya bomba yasiyo na chumvi, kwa kusuuza mwisho, kisha kausha palepale. Madoa meupe ni chokaa na chumvi zilizobaki maji yalipokaukia juani. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja hivi, suuza vizuri. Doa lisilotoka kwa siki limeshakula rangi, litasubiri kampaundi, yaani dawa ya kung'arishia inayosugua rangi.

Kabla ya kampaundi, fungua boneti utafute kibao cha gari, usome namba ya rangi. Toyota nyeusi za miaka hiyo mara nyingi ni 202 au 209. 202 ni nyeusi tupu isiyo na chenga zinazometa, laini sana kuchunika, na magari mengi ya rangi hiyo yalitoka kiwandani bila klia, ule utando angavu unaopuliziwa juu ya rangi. Ukiisugua, kitambaa kitatoka cheusi. Usishtuke, ndiyo rangi yenyewe iliyochakaa inayotoka. 209 ina chenga na ina klia juu yake, kwa hiyo kitambaa kikitoka cheusi hapo, acha mara moja: klia imekwisha.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya chini kabisa) hadi juu, ni milimita 0.1 na ushei. Kampaundi inang'arisha kwa kula sehemu ya unene huo. Nunua ile laini kabisa, ifanyie kazi kwa mkono, kipande kidogo kidogo, na mara moja kwa mwaka inatosha. Mikwaruzo inayonasa ukucha iache ilivyo.

Nta ni kitu kingine, haili rangi bali inaifunika. Paka nyembamba sana, subiri iwe na ukungu, futa kwa taulo safi. Kopo dogo litakaa muda mrefu ukiacha tabia ya kupaka nene. Maji yakiacha kujikusanya matone juu ya boneti, yakaanza kutandaa tu, ni wakati wa kurudia. Kwa jua la pwani usitegemee zaidi ya miezi miwili au mitatu.

Kama paa lina mabaka yanayobanduka, usinunue chochote kwa ajili ya hapo. Hiyo ni kazi ya mpiga rangi. Na ukiambiwa upuliziwe dizeli chini ili kuzuia kutu, kataa. Bushi za mpira zinavimba, na vumbi linaganda pale pale.

SWALI: Fundi, dawa ya meno kweli inasafisha taa zilizogeuka njano?
Msomaji, Tanga

JIBU: Inasafisha, lakini baada ya wiki chache njano inarudi. Taa hizo ni za plastiki, na kinga yake ya jua imeshaisha. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kuzunguka taa, piga msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, malizia kwa kampaundi, kisha puliza klia yenye kinga ya jua. Kabla hujanunua msasa, imwagie taa maji. Ikionekana angavu ikiwa imelowa, ubovu uko nje na msasa utausaidia. Ikibaki na ukungu vilevile, ubovu uko ndani, na msasa hautafika huko.