Fungate ya visiwa na wanyama: si lazima uanzie Zanzibar

Dada uliyeuliza kama siku saba za fungate, visiwa na wanyama kwa raha zote, lazima uanzie Zanzibar, hapana, njooni huku kwetu Tanga. Anzeni Saadani, mbuga inagusa bahari kabisa, mnapanda boti mto Wami mnaona viboko na mamba. Halafu ufukwe wa Ushongo, Pangani, na hapo msikimbie, kodini boti yenu wenyewe muende Maziwe ila muulizeni nahodha maji yanakupwa saa ngapi, kile kisiwa siku hizi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa kinazama, ndo maana mayai ya kasa yanahamishiwa Ushongo. Kutoka Pangani mnavuka kwa boti hadi Nungwi, kaskazini mwa Zanzibar. Aprili na Mei msije jamani, masika hayo, njia za Saadani tope tupu.