Wasomaji Wauliza: Senene na Hesabu ya Protini

Kila msimu wa senene, wadudu wa jamii ya panzi wanaoliwa, unapokaribia, barua kutoka Kagera na kwingineko huwa nyingi. Tumechagua nne.

SWALI: Nimesoma kwamba senene wana protini karibu mara mbili ya nyama ya ng'ombe. Ni kweli? Kama ni kweli, mbona tunahangaika na bucha? — Msomaji, Bukoba

JIBU: Aliyepiga hesabu hiyo amelinganisha senene wakavu na nyama mbichi. Nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji kwa karibu robo tatu, na kila gramu 100 zina protini gramu 20 hivi. Senene wabichi nao ni maji kwa takribani theluthi mbili. Wakikaushwa kabisa, vipimo vilivyofanywa Kenya vimeonyesha protini ya gramu 35 hadi 37 kwa gramu 100, lakini wakiwa wabichi hubaki gramu 12 tu. Kwa hiyo vikipimwa vyote vibichi, nyama inawazidi.

Liko na jambo la pili ambalo wauzaji wa unga wa wadudu hawalisemi. Kwa kawaida maabara haipimi protini yenyewe: hupima nitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Ganda la mdudu lina chitini, na chitini ina nitrojeni ambayo si ya protini. Hesabu hupanda kuliko hali halisi. Kwa baadhi ya wadudu wanaoliwa, watafiti wamependekeza kuzidisha kwa 4.76. Kipimo hicho kikitumika kwa senene, ile 37 inashuka hadi 28. Bado ni chakula kizuri sana, ila ukiona pakiti imeandikwa asilimia ya protini, uliza kwanza imepimwa kwa uzito wa mbichi au wa mkavu.

Utajiri mkubwa wa senene uko kwenye mafuta na madini. Mafuta ni karibu nusu ya uzito wa senene mkavu, na mengi ni ya aina isiyoganda, kama yale ya parachichi. Gramu 100 za senene wakavu zina madini ya chuma miligramu 13 hadi 17, na zinki miligramu 12 hadi 17. Kwa mtu anayekula ndizi au ugali kila siku, zinki hiyo ni msaada wa kweli. Chuma cha wadudu, hata hivyo, kwa sehemu kubwa si cha aina iliyomo kwenye nyama nyekundu, na mwili hukipokea kwa shida zaidi. Ili mwili ukipokee vizuri zaidi, kula senene pamoja na chungwa, embe au pilipili hoho mbichi, na chai iache mpaka saa moja ipite baada ya kula.

SWALI: Senene wangu wa kukaanga hutoa harufu ya mafuta yaliyochacha kabla hata ya mwezi kwisha. Nakosea wapi? — Mama mfanyabiashara, Muleba

JIBU: Mama, mafuta hayohayo mazuri ndiyo yanayochacha. Hewa, mwanga na joto huyaharibu haraka, na unyevu ukibaki, ukungu nao unaingia.

Anzia kwenye gunia. Senene waliorundikwa wakiwa hai hupata joto, hufa na kuanza kuoza ndani ya saa chache, kwa hiyo watandaze mara tu wanapofika. Ondoa wote waliokwisha kulegea na kunuka, na wadudu wengine waliovutwa na taa za mtego. Nyonyoa mbawa na miguu, kisha osha mpaka maji yatoke safi. Waweke sufuriani na chumvi na maji kidogo sana, wachemke mpaka maji yote yakauke. Ukiweka maji mengi halafu ukayamwaga, sehemu ya vitamini B inakwenda nayo. Endelea kwa moto mdogo, wakaangike kwa mafuta yao wenyewe huku ukigeuza, mpaka mmoja akivunjwa alie “kha!” Akipinda, bado ana maji.

Kosa linalowaponza wengi huja hapo: kufungasha wakiwa moto. Mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko. Waache wapoe kabisa, wachujwe mafuta kwenye karatasi safi, kisha wafungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga. Mifuko inayoonyesha ndani, ikining'inizwa juani, inavutia wateja lakini inaua bidhaa. Na waliochemshwa tu bila kukaushwa wasilale mezani: kuchemsha hakuui mbegu zote za bakteria, na usiku mmoja wa joto unatosha kuziamsha. Weka kwenye friji au maliza kuwakaanga siku hiyohiyo.

SWALI: Mwanangu ana miezi minane. Naweza kumtilia senene kwenye uji? — Mama Furaha, Mwanza

JIBU: Unaweza, wakiwa unga tu. Senene mzima humpalia mtoto, na miguu yenye miiba ikiachwa huweza kukwama tumboni hata kwa mtu mzima. Ukiwasaga peke yao watageuka uji mzito wa mafuta, kwa hiyo saga sehemu moja ya senene wakavu na sehemu tano za mahindi au ulezi uliokaangwa, kisha chekecha. Siku ya kwanza tia nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha uji na umwangalie siku tatu kabla ya kuongeza. Tengeneza kiasi cha wiki moja tu, maana unga huchacha haraka kuliko senene wazima. Usiache kumpa dagaa, mayai na maharage.

SWALI: Nikila kamba midomo inavimba. Senene je? — Msomaji, Tanga

JIBU: Usiwaonje, ndugu yetu. Kamba, kaa na senene wana protini ya misuli inayofanana sana, iitwayo tropomiosini, na ndiyo inayoamsha mzio kwa watu wengi wa hali yako. Moto wa kikaango hauivunji. Soma pia maandishi ya biskuti na unga wa lishe, kwa kuwa baadhi sasa huchanganywa na unga wa nyenje. Ukiwa umekula bila kujua na koo likaanza kubana au pumzi kuwa nzito, nenda hospitali papo hapo, usisubiri uvimbe ushuke.