Piga picha hapo hapo ulipo

Kama kuna mji uliopigwa picha mpaka ukachoka, ni huu wetu wa Unguja. Milango yenye miba ya shaba, jahazi mbele ya jua linalokuchwa, paka barazani, vijana wa Forodhani wakijirusha baharini: mtu hajakanyaga Zanzibar lakini yote hayo keshayaona. Na sisi wenyeji tumeingia katika mkumbo huo huo. Mpe kijana wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, simu yenye kamera nzuri, atapanda daladala ashuke Darajani, aingie Mji Mkongwe akapige mlango wa watu. Wa kwao anaupita kila siku bila kuutupia jicho.

Naanza na hilo kwa sababu ya swali nililoletewa. Dada mmoja aliyefiwa na mama yake karibuni amesikia kwamba mimi nilipofikwa nilijiliwaza kwa picha. Akanitumia ujumbe: anunue kamera gani, na aende wapi kupiga? Jibu langu ni kwamba asinunue kitu, na asiende popote.

Mimi nilianzia ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke aliyefiwa na mume hukaa nyumbani, hatoki ila kwa haja ya lazima, hajifukizi udi, hapaki wanja, hatii hina. Siku za mwanzo nyumba hujaa. Watu wanapika, wanasoma, wanalia na wewe, wengine wanagombania masufuria. Khitma ikishasomwa kila mtu hurudi kwake, na ana haki ya kurudi, ukabaki wewe na ua.

Ua wangu hauna cha kumvutia mtalii. Sakafu ya saruji iliyopasuka, kamba ya nguo, mndimu uliopandwa katika ndoo ya rangi, pipa, na safu ya madumu ya njano, maana mtaani kwetu maji yakiamua kuja saa tisa za usiku unaamka kukinga. Asubuhi moja jua liliyapiga yale madumu kutoka ubavuni yakawaka yote, na kivuli cha kila dumu kikalala sakafuni kikiwa cha njano. Sikujua kama kivuli kinaweza kuwa na rangi. Nikachukua simu nikapiga. Picha yenyewe ilitoka ovyo, lakini kwa kitambo kile nilikuwa nimesahau kwamba nimefiwa, na nilipokumbuka sikuona kama nimemsaliti mtu. Aliyewahi kufiwa ataelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kesho yake niliamka nikayangojea.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie wewe. Acha kwanza kutafuta kitu kizuri. Tafuta kitu nyumbani mwako ambacho mwanga hukifikia kwa saa inayojulikana, kisha uwepo saa hiyo. Huzuni ina tabia ya kuifanya kesho ifanane na leo, hata mtu akakosa sababu ya kuitaka. Ukiwa na ahadi na jua saa moja na robo penye dirisha la jikoni, umepata sababu. Ni ndogo, naijua udogo wake, lakini wakati ule sababu kubwa zote za kuishi nilizokuwa nikisomewa na watu hazikuniamsha kitandani. Madumu yaliniamsha.

Na mwanga wa kwetu unafaa sana kuwekewa ahadi. Sisi tuko digrii sita tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza saa kumi na mbili au kabla na baada yake kidogo, mwaka mzima. Halikuchezei kama linavyowachezea jamaa zetu walioko London, ambao mwezi wa Juni linawachomozea alfajiri ya saa kumi na kitu, na Desemba linawangoja mpaka saa mbili. Tena huo mwanga wa kulala, unaopita ubavuni mwa vitu na kuvipa umbo, huja kwetu saa ile ile watu wanapofagia ua kwa chelewa na kupulizia moto wa chai. Moshi ukipita ndani ya mwanga kama huo huna haja ya kuongeza kitu.

Ubaya wake ni kwamba unaisha upesi. Kufika saa tatu jua limeshapanda, na jioni, likishazama, una kama dakika 20 giza liingie. Adhuhuri ndio usiseme. Mwanzoni mwa Machi, na tena ndani ya siku kumi za mwanzo za Oktoba, jua hupita juu yetu barabara, mnazi ukakanyaga kivuli chake wenyewe. Saa hizo usipige picha ya mtu uani, utampa mashimo meusi badala ya macho. Ingia ndani, mkalishe hatua chache kutoka mlangoni, aelekee nje. Mwanga uliogonga sakafu ya ua huruka ukaingia ndani umeshalainika, na kama ukuta wa mbele umepakwa chokaa ndio bora zaidi. Masika pia usiyakimbie. Wingu zito huonesha ngozi nyeusi kwa rangi zake zote, ambazo jua kali huzifuta, na majani ya mgomba yakiwa majimaji utadhani yamepakwa mafuta.

Kuhusu simu sina mengi. Yangu ilikuwa na kioo kilichopasuka na bado ilitosha. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba, hasa kama simu inashinda jikoni. Ukungu mwingi unaolaumiwa kwa ubovu wa kamera ni mafuta ya bajia. Usivute kitu kwa vidole viwili, sogea wewe. Zima flashi. Gusa skrini pale penye mwanga mkali zaidi, na katika simu nyingi utaona alama ya jua: iburute chini kidogo mpaka weupe urudi kuwa na umbo. Basi. Anayekwambia huwezi kuanza bila kamera ya milioni mbili anauza kamera. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua vipande vya mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli, vitu vilivyokuwa karibu na mkono wake. Alichora kwa miaka minne tu, mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1972, na leo katika maduka ya mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, ni kazi kupata ukuta usio na twiga wa mtindo wake.

Jambo jengine lililonisaidia ni kupiga kitu kile kile. Nilipofiwa, kucha zangu zilikuwa na hina ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Eda hairuhusu kuitia upya, kwa hiyo nilikaa nayo jinsi ilivyo. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri niliweka kidole gumba juu ya mkeka ule ule, karibu na mlango ule ule, nikakipiga picha. Ukucha wa mkono humea kama milimita tatu kwa mwezi. Ule wekundu ukasogea mbele taratibu, ukucha safi ukaja nyuma yake, na eda ilipokwisha umebaki ukingo mwembamba wa kukatwa kwa wembe. Mtu mwengine ukimwonesha picha zile atakuuliza zina nini. Mimi nilikuwa naapa kwamba siku hazisogei, na kila Ijumaa kidole kilinibishia.

Kwa hiyo chagua chako. Kitanda cha mgonjwa kikishatandikwa, sahani ya mtu anayekula peke yake, kiti ambacho hakikaliwi tena. Kipige kutoka pale pale, saa ile ile, bila kukipanga. Baada ya wiki chache zitazame zote pamoja. Tofauti ndogo ndogo ndizo zitakazosema na wewe.

Si kila mtu nyumbani atakuunga mkono. Shangazi yangu, aliyekuja kukaa na mimi, hakupendezewa.

"Eda si wakati wa kuchezea simu, mwanangu."

Sikumbishia. Siku moja nikampiga akikamua tui, mikono peke yake na kung'uto, kisha nikamwonesha. Aliitazama kwa muda.

"Mikono yangu imeshakuwa ya bibi," alisema. Halafu: "Hebu piga tena, ngoja kwanza nivue hii bangili ya plastiki. Lakini sura usipige."

Sura sikupiga, wala sijawahi kuipiga. Kwetu wanawake wengi hawataki, na hawana haja ya kukueleza kwa nini. Omba kabla, na ukikataliwa sema ahsante uweke simu mfukoni palepale, ionekane imewekwa. Mikono, migongo, buibui likipeperushwa na kaskazi, viatu vilivyovuliwa kizingitini: vyote hivyo hukueleza mtu bila kumuanika. Mimi naona vinaeleza vizuri kuliko nyuso, maana uso ukishajua unapigwa picha hujitengeneza. Na sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu si mali yako kwa kuwa tu simu ni yako.

Kuna pahala kamera haiingii kabisa. Wodini, kwenye msiba wa watu, unyagoni. Huko mimi nachora. Nilipokuwa namuuguza mjomba nilikaa na daftari la skuli na penseli, nikachora kandambili zilizopangwa chini ya benchi wakati wa kungojea daktari. Sijui kuchora, na kandambili zangu zilifanana na samaki. Lakini nimegundua kitu: watu wakikuona unawaelekezea simu hujificha, wakikuona unachora husogea. Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake kitanda cha pili alinikosoa mkanda wa kandambili, akachukua penseli akausawazisha mwenyewe. Tulikaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na hatukuulizana habari za wagonjwa wetu hata kidogo, jambo lililokuwa raha kwa sote wawili.

Kama penseli nayo inakutisha, geukia kazi za mikono ambazo nyumba zetu hazikuwahi kuzikosa. Kusuka ukili, yaani ule mkanda wa ukindu unaoshonewa mikeka, kwa mfano, au kushona kofia za viua, ambapo kila kitobo kidogo huzungushiwa uzi kimoja kimoja kwa wiki nyingi. Bibi yangu akikaa kusuka ukili hazungumzi, na akiinuka sauti yake imeshuka. Ukindu wake huuchemsha na rangi, zambarau na kijani, akauanika juu ya kamba. Kama unao jirani anayefanya hivyo, nenda siku ya kuanika, asubuhi.

Halafu, usizitume picha hizi kwenye status siku ile ile. Nasema hivi kwa ukali kidogo. Ukishatuma tu, unaanza kungojea nani ameona na nani hajasema kitu, na ile ahadi yako na jua imegeuka ahadi na watu. Kaa nazo. Ikipita wiki bado unataka kumwonesha mtu, mwoneshe mmoja, mkononi.

Na nisidanganye kwamba haya ni dawa. Kulikuwa na siku nililala nikaliacha jua lipite uani peke yake, na kuna usiku ambao hakuna picha ingenifaa, nilichohitaji ni dada yangu alale chumbani kwangu, akaja akalala. Ukiona hulali, huli, na fikra zinakwenda pabaya, mwambie mtu leo na uende hospitali.

Lililobaki ni kuzisafisha, yaani kuzichapisha kwenye karatasi. Tarehe 25 Desemba 2020 Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu na watu wawili wakafa. Wiki ile kila nyumba ilipekua simu. Kwetu picha zenye jumba peke yake zilikuwa nyingi, na hazikumliza mtu. Iliyomliza kila mtu ni moja ambayo marehemu mume wangu anakula urojo Forodhani, shavu limejaa, na mnara wa saa wa jumba hilo umetokeza nyuma ya sikio lake kwa bahati tu. Ilikuwa katika simu ya zamani isiyowaka vizuri. Tungeikosa kwa kukosa chaji.

Mji huu unajua thamani ya karatasi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza, na picha za watu wa mji waliokwenda mle na nguo zao za Sikukuu zimeishi kuliko wengi wa waliopigwa. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache chagua chache, zisizozidi unazoweza kuzishika kwa mkono mmoja, uzipeleke studio ya karibu zitolewe kwa saizi ya kadi ya posta. Mwenye mikono iliyomo katika picha mpe nakala yake. Nyuma andika tarehe, mahali na saa kwa penseli laini; kalamu ya wino huhamia kwenye picha ya chini yake ukizipanga. Ziweke ndani ya bahasha ya karatasi. Mifuko ya plastiki na joto letu la kaskazi huzigandisha, na ukizibandua zinatoka na ngozi.