Maswali ya Wasomaji: Walimkataa Tony kwa sababu ya uzee?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni dereva wa abiria hapa Chicago, mwaka wa pili sasa, na mara nyingi napakia watu wanaotoka uwanja wa besiboli ulio Mtaa wa 35. Timu yao, White Sox, ikishindwa hawakosi kumtaja mtu anayeitwa Tony La Russa, aliyekuwa meneja wao, yaani kocha mkuu, na wanamtaja kwa uchungu utadhani aliwavunjia nyumba. Nimesoma habari zake. Ni bingwa mara tatu, na mwaka wake wa kwanza aliporudi aliongoza kundi. Kosa lake ni nini? Sisi tumelelewa kumheshimu mzee. Au Wamarekani hawapendi wazee?
Msomaji, Chicago

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao abiria wako nawajua, nimekaa nao. Kabla sijarudi Tanga nilifua na kukunja mashuka ya hoteli katikati ya mji huo kwa miaka 19, na redio iliyokaa juu ya rafu ya sabuni ilikuwa ya mama mmoja wa Bridgeport, mtaa ulio jirani na uwanja huo. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli, yeye ameshika pembe mbili za shuka na mimi mbili, tukisogeleana na kuachana mpaka mchezo uishe. Mwaka 2005 timu ilipotwaa ubingwa wa dunia, wa kwanza tangu 1917, alilia machozi juu ya mashuka safi, ikabidi tuyarudishe kwenye mashine.

Uzee haukuwa tatizo, hilo nakuhakikishia. Oktoba 2021 White Sox walitolewa na Houston Astros, na meneja wa Houston alikuwa Dusty Baker, mzee wa miaka 72. Mwaka uliofuata Baker akachukua ubingwa, na sikumsikia mtu akimwambia akapumzike. Mwaka 2003 Florida Marlins walimwita Jack McKeon msimu ukiwa umeshaanza, naye ana miaka 72, akawapa kombe. Mashabiki wa besiboli wanawapenda wazee wao. Mama yule wa Bridgeport mwenyewe alikuwa ameshapita miaka 70.

Ili uelewe uchungu wao lazima urudi 1986. La Russa alianza umeneja hapohapo Chicago mwaka 1979, kijana wa miaka 34. Mwaka 1983 timu ilishinda mechi 99 na kuongoza kundi lake. Miaka mitatu baadaye timu ikayumba, na mkuu wa shughuli za timu wakati huo, Hawk Harrelson, akamfukuza. Mwenye timu, Jerry Reinsdorf, aliruhusu, kisha akajuta kwa miaka 34 na hakuficha majuto yake. La Russa akaenda kuchukua kombe na Oakland mwaka 1989, na mawili na St. Louis, 2006 na 2011, akastaafu. Mwaka 2014 akaingizwa kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown.

Sasa njoo 2020. White Sox wamejenga timu ya vijana kwa miaka kadhaa, na mashabiki wamevumilia misimu mibovu wakiahidiwa kwamba matunda yanakuja. Yakaja kweli. Wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2008, na José Abreu akawa mchezaji bora wa ligi. Meneja Rick Renteria aliyewalea vijana hao akaondolewa mara tu msimu ulipokwisha. Mkuu wa shughuli za timu, Rick Hahn, akawaambia watu kwamba anayefaa ni mtu mwenye uzoefu wa karibuni katika timu ya ubingwa. Watu wakaanza kutaja majina. Tarehe 29 Oktoba jina likatoka: La Russa, miaka 76, ambaye hajasimamia mechi ya ligi tangu 2011.

Hebu fikiria mume aliyetoa talaka kwa hasira ujanani. Amejuta maisha yake yote. Watoto wamekua, nyumba imeanza kunawiri, na ndipo anapomrudisha mama yule wa zamani akawaambia watoto, "Huyu ndiye mama yenu." Mama anaweza kuwa mwema sana, lakini watoto hawakuulizwa. Ndivyo mwenzangu wa Bridgeport alivyolia kwenye simu usiku ule, kwamba mtu mmoja, Reinsdorf, amejitibu jeraha lake kwa dawa waliyoichangia wengi.

Halafu siku 11 baadaye ikatoka habari kwamba La Russa ameshitakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa huko Phoenix. Alikamatwa Februari, mashitaka yalifunguliwa siku moja kabla timu haijamtangaza, na timu ilijua kwamba aliwahi kukamatwa. Kesi yenyewe iliisha Desemba kwa kukiri kosa dogo zaidi, la kuendesha bila uangalifu. Mimi sihukumu mtu kwa kosa lililokwisha mahakamani. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba walijua, wakanyamaza, wakatuuzia tiketi.

Kwa hiyo, mwanangu, abiria wako wakianza tena, usiwajibu kwa idadi ya makombe. Makombe yake wanayajua kuliko wewe.

SWALI: Dada, mimi ni mtu wa soka. Kocha wa soka namwelewa: anafundisha, anapanga, anapiga kelele. Huyu meneja wa besiboli anakaa tu kwenye benchi amevaa jezi kama mchezaji. Kazi yake ni ipi hata watu wagombane?
Kaka yako, Mombasa

JIBU: Kaka, kazi yake ni kuamua, na huamua mbele ya watu wote, kwa mechi 162 kila msimu. Anapanga wapigaji tisa na nani amfuate nani. Anaamua mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, amechoka saa ngapi na nani aingie badala yake. Soka likianza kocha amebaki na mabadiliko machache na sauti yake. Besiboli inasimama kila baada ya mrusho mmoja, na kila inaposimama meneja anaweza kuingiza mkono. Ndiyo maana shabiki aliyekaa kitini naye anaamua pamoja naye, na anajua papo hapo nani kapatia.

Nikupe mfano mmoja, nao ndio uliovunja chombo. Tarehe 9 Juni 2022 Los Angeles Dodgers walikuwa Chicago, wanaongoza 7 kwa 5 katika zamu ya 6 kati ya 9 za mchezo. Anapiga Trea Turner. Mpigaji akipata straiki tatu, yaani akishindwa mirusho mizuri mitatu, ametoka, na Turner alikuwa na mbili tayari. Mrusho mmoja mzuri tu, kazi imekwisha. La Russa akaashiria Turner apewe besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia, bure! Sheria inaruhusu: ukimwogopa mpigaji unamtembeza, unamkabili anayefuata. Lakini mtu hutembezwa kabla hajabanwa. Aliyebakisha straiki moja amekwishakamatika. La Russa aliona afadhali mrushaji wake wa mkono wa kushoto akutane na Max Muncy, anayepiga kwa kushoto, maana kwa kawaida mkono wa kushoto humsumbua mpigaji wa upande huo.

Sisi tulikuwa kazini. Mwenzangu aliachia pembe zake za shuka, likaanguka. Hakusema neno. Muncy akaupiga mpira ukavuka ukuta, pointi tatu kwa pigo moja. White Sox walipoteza 11 kwa 9. Alipoulizwa baada ya mechi La Russa alishangaa kwamba watu wanaliona kuwa swali. Hapo ndipo niliposema, basi, huyu na sisi hatutazami mchezo mmoja.

Kulikuwa na lingine mwaka uliotangulia, dogo lakini la kutia shaka. Mei 2021 huko Cincinnati, katika zamu ya nyongeza, alimwacha Liam Hendriks, mrushaji wake wa kumalizia mechi, akimbie kwenye besi, kumbe sheria mpya ilimruhusu kuweka mtu mwingine. Akakiri kwamba hakuijua sheria hiyo. Walifungwa 1 kwa 0. Hili nalisamehe zaidi, kwa sababu alikiri.

SWALI: Mama, katika toleo lililopita uliandika kwa kifupi kwamba Tony "alimwacha kijana wake peke yake" hapa Minneapolis. Mimi siafiki. Yule Mercedes, mchezaji wake, alikosa adabu: timu inaongoza kwa pointi 11 na bado anampiga mtu aliyekwisha kuanguka, tena baada ya kukatazwa na meneja. Wewe mtu wa Tanga unatetea utovu wa adabu?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Umeniuliza kwa haki, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili ndilo lililonigeuza. Mpaka siku ile mimi nilikuwa nasema apewe muda.

Yermín Mercedes alikuwa na miaka 28, mtoto wa Jamhuri ya Dominika, aliyesota karibu miaka 10 katika ligi za chini. Aprili 2021 alipewa nafasi, akapiga mara nane za kwanza bila kukosa hata moja. Tarehe 17 Mei, huko kwenu, White Sox wakiwa mbele 15 kwa 4 katika zamu ya 9, Twins, timu ya huko, waliona mechi imekwisha wakamweka Willians Astudillo arushe, na Astudillo si mrushaji. Mirusho mitatu ikaenda nje ya eneo la kupigia. Desturi ya zamani inasema katika hali hiyo mpigaji atulie, asiupige unaofuata, na La Russa aliashiria atulie. Mercedes akaupiga, mpira wa polepole, kilomita 76 hivi kwa saa, ukavuka ukuta.

Alikaidi agizo, ndiyo. Hapo nakubaliana nawe, na meneja alikuwa na haki ya kumkanya. Lakini nilivyolelewa mimi, mtoto akikukosea mbele ya majirani unamwita ndani, unafunga mlango, unamwambia. La Russa alimwambia mbele ya waandishi wa habari, akaomba radhi kwa niaba yake, akasema nyumbani ataadhibiwa. Kesho yake mrushaji wa Twins, Tyler Duffey, akautupa mpira nyuma ya miguu ya Mercedes. Ligi yenyewe ikaona ni kosa, ikamfungia Duffey mechi tatu. La Russa alipoulizwa akasema hana neno na walivyofanya Twins.

Hapo ndipo pananiuma. Mpira wa besiboli ni mgumu kama jiwe. Mtu ameutupa kwa mtoto wako, na wewe unasema huna neno? Adabu ya Tanga haina hilo. Nahodha asiyetajwa hivyo lakini aliyekuwa roho ya timu, Tim Anderson, alimtetea Mercedes hadharani, na mrushaji mkongwe Lance Lynn naye akasema desturi hizo zimepitwa na wakati. Wachezaji waligawanyika na meneja wao kwa sababu ya pigo la mechi waliyokwisha kuishinda. Hata kumhurumia Astudillo kuna mipaka: ni Twins waliochagua kumweka pale ili kuwapumzisha warushaji wao.

Najua msimu huo walishinda mechi 93, na Juni La Russa akampita John McGraw akawa wa pili katika historia kwa idadi ya ushindi. Sijamnyima lake. Lakini ukiniuliza ni lini niliacha kumwamini, nitakutajia Minneapolis kabla ya ile siku ya Oktoba walipotolewa.

SWALI: Mama, nimesikia mashabiki waliimba uwanjani "Mfukuzeni Tony" na kumbe mzee alikuwa mgonjwa. Hukuona vibaya?
Msomaji, Muscat

JIBU: Niliona vibaya, mwanangu, na sitakuficha kwamba niliimba. Ilikuwa Juni 2022, tulikuwa na tiketi za juu kabisa, jukwaa zima likaanza na mimi nikafungua mdomo. Wakati huo hakuna aliyejua habari za ugonjwa. Mwishoni mwa Agosti ikatangazwa kwamba madaktari wamemzuia kusimamia timu, ni matatizo ya moyo, na Oktoba akajiuzulu. Timu ilimaliza msimu imeshinda mechi 81 na kushindwa 81. Katika taarifa yake ya kuaga alikiri kwamba hakuifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na hakumsukumia mtu mwingine lawama. Nilimheshimu kwa hilo.

Waliokuja baada yake hawakutuletea raha. Mwaka 2024 White Sox walipoteza mechi 121, ambazo hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kuzipoteza. Siku hizi wapo wanaosema afadhali Tony. Mimi sisemi hivyo, maana ile nyumba ilianza kupasuka mikononi mwake.

Lakini siku ile ya Juni mwenzangu wa Bridgeport hakuimba. Nilimgeukia nikamwona mikono ameiweka mapajani, mdomo umefungwa, naye ndiye aliyelia kwenye simu siku walipomtangaza. Nilimuuliza tukiwa kwenye treni, tumesimama tumeshika vyuma. Alifungua pochi akanionyesha kipande cha tiketi kilichofifia, cha mwaka 1983, mechi aliyokwenda na baba yake. Akakirudisha pochini, na tukashuka kituo chetu.