Uliza Fundi: Sketi za mwamvuli, gagulo la sukari na mawimbi ya nywele

Toleo lililopita tulichapisha kurasa mbili za picha za vijana wa Uingereza kati ya 1945 na 1960: wasichana wenye viuno vyembamba na sketi pana, wavulana wenye makoti marefu ya kola za mahameli. Tangu hapo barua hazikatiki, nyingi zikitoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, ambako sendofu zenye mavazi ya "enzi za bibi" zimeshika kasi. Wanaojibu ni fundi cherehani na msusi.

Sketi ya duara nimeshona mbili kwa ajili ya mteja mmoja. Zote upindo umekwenda upogo baada ya wiki, na kiuno kimelegea. Nakosea wapi?
*Fundi wa Majengo*

Uliipinda mapema, fundi. Kwenye duara kamili kuna sehemu nne ambazo nyuzi za kitambaa zimekaa mshazari, na kitambaa cha mshazari hujivuta chini kwa uzito wake chenyewe. Shona ukanda wa kiuno kwanza, kisha itundike sketi kwenye hanga bila kuipinda: saa 24 kwa poplini, siku mbili kwa krepu au kitambaa chochote kinachoteleza. Halafu mteja aivae, na viatu vilevile atakavyovaa siku ya shughuli, nawe upime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula ya mti, pini moja kila sentimita 10. Usipime kutoka kiunoni kwenda chini. Makalio na tumbo havilingani, kwa hiyo kipimo cha kiunoni kitakudanganya hata kwa mteja mwembamba.

Upindo uwe wa sentimita 1 tu, ukunjwe mara mbili kwa wembamba. Upindo mpana kwenye ukingo wa duara lazima ujikunyate, maana ukingo wa nje ni mrefu kuliko pale unapoushonea.

Sasa kiuno. Gawanya kipimo cha kiuno kwa 6.28. Kiuno cha sentimita 70 kinakupa nusukipenyo cha sentimita 11, lakini hapo ndipo utakaposhona. Mkasi upite kwenye sentimita 10, ile moja imeingia kwenye mshono. Mafundi wengi hukata kwenye 11, wakashona kwenye 12, na kiuno kinaongezeka karibu sentimita 6 bila wao kujua. Ukishakata tu, kabla hujainua kitambaa mezani, pitisha mshono mmoja wa kuzuia kutanuka karibu kabisa na ukingo.

Kiasi cha kitambaa: kwa sketi ya urefu wa sentimita 62 na kiuno hicho, kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinatoa duara zima kwenye mita moja na nusu. Ukitaka urefu wa sentimita 75, ule unaofika katikati ya muundi kama kwenye picha za mwisho wa miaka ya 1940, duara halienei tena. Kata nusu mbili, nunua mita 3.6, na kipande kitakachobaki pembeni kitoe mkanda na kola ya blauzi. Kitenge nacho kinafaa kwa nusu mbili, ila mwonye mteja kwamba maua yatasimama wima katikati ya mbele na kulala ubavu kwenye mishono. Ua dogo lililotawanyika halina shida hiyo.

Jambo moja la historia, kwa sababu mteja wako ameomba "ya mwaka 1947 hasa". Sketi hizo pana zilitangazwa Paris na Christian Dior tarehe 12 Februari 1947. Lakini Uingereza nguo zilikuwa kwa kuponi tangu Juni 1941, na mgao huo haukuondolewa hadi Machi 1949. Gauni moja la sufu lilikula kuponi 11, viatu vya kike 5, soksi ndefu 2. Msichana wa kawaida angepata wapi mita za kumwaga? Alichukua sketi yake fupi ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaunga mkanda wa kitambaa kingine chini, wakati mwingine na mwingine wa rangi hiyohiyo kwenye mapaja ili kiraka kionekane ni mtindo. Ukimshonea mteja sketi nyembamba yenye mikanda miwili ya kuunga, utakuwa umeikaribia 1947 ya mtaani kuliko duara kamili. Na utatumia kitambaa nusu.

Ni kweli magagulo yaliloweshwa kwenye sukari ili sketi isimame? Nifanyeje nami?
*Msomaji, Mpwapwa*

Ni kweli, lakini baadaye kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sukari Uingereza ilikuwa ya mgao hadi Septemba 1953, na hakuna mama ambaye angekubali mgao wa chai uishie kwenye gagulo. Sukari ni ya wasichana wa kumbi za dansi wa nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Waliyeyusha sukari kwenye maji moto, wakalichovya gagulo la neti, wakalikamua kwa kulibana bila kulisokota, wakalitandaza likauke. Likikauka linasimama kama kapu. Tabu inaanza ukishaingia ukumbini. Sukari hunyonya unyevu, na jasho la dansi moja linatosha kulifanya gagulo linate kwenye miguu na kuanza kulala. Kwetu ongeza sisimizi, ambao watalikuta kabatini kabla yako.

Tumia wanga wa muhogo. Vijiko vikubwa viwili vya unga wa wanga, vikorogwe kwanza kwenye kikombe cha maji ya baridi hadi visiwe na mabonge, kisha vimiminwe kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga, hadi uji upoteze weupe na kuwa kama kioo. Ukiingiza unga mkavu moja kwa moja kwenye maji moto utapata mabonge, na kila bonge litaacha doa jeupe kwenye kitambaa. Uji ukiwa vuguvugu, chovya, bana, tandaza kivulini. Jua la Dodoma la mwezi wa Septemba hukausha sehemu ya juu kwa dakika chache na kuacha mikunjo ambayo pasi haitaitoa. Piga pasi likiwa bado na unyevunyevu.

Hayo ni ya pamba. Neti ya nailoni hainywi wanga, kwa hiyo upana wake utoke kwenye marinda: ngazi tatu, ya juu mita 1, ya kati mita 2, ya chini mita 4, kila moja ikakusanywa hadi ilingane na iliyo juu yake. Weka kitambaa laini cha bitana ndani, vinginevyo neti itamkwaruza bibi harusi mapaja, atumie sherehe nzima kujikuna.

Mteja anataka mawimbi ya nywele kama yale ya picha za 1946. Nywele zake zina dawa. Kuna mtu kanishauri nimpake dawa ya kujikunja. Ni salama?
*Msusi, Nkuhungu*

Si salama hata kidogo. Pamu ya baridi, ile ambayo mwishoni mwa miaka ya 1940 wasichana wa Uingereza walianza kujipaka wenyewe jikoni, ni ndugu wa kalikiti ya miaka ya 1980 tuliyoijua hapa. Inafanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani vya unywele na kuviunga upya katika umbo la rola. Dawa ya kunyoosha yenye soda kali nayo imeshavibadilisha viungo hivyohivyo kwa njia nyingine, na haviungiki tena. Ukipandisha moja juu ya nyingine nywele zitakatikia mkononi mwako, tena wakati wa kuosha, mteja akiwa ameinamia beseni.

Mawimbi ya 1946 hata hivyo mengi hayakuwa ya dawa. Yalikuwa ya maji, pini na usiku mzima. Kwa nywele zenye dawa, au za asili zilizonyooshwa kwa blodrai, fanya hivi. Chukua kishungi cha upana wa sentimita 2.5. Lowanisha kidogo kwa jeli nyepesi. Kunja kuanzia nchani kuelekea kwenye ngozi, kikunjo kilale bapa kama sarafu, ubane kwa pini mbili zinazopishana. Hakikisha ncha iko ndani ya kikunjo, kwa sababu ncha ikibaki nje itakauka imepinda kama ndoano na hakuna kitana kitakachoirekebisha.

Siri ya mawimbi iko kwenye mwelekeo. Safu ya kwanza vikunjo vyote vielekee kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia tena. Zikielekea upande mmoja zote utapata vipilipili vya duara, ambavyo navyo ni vizuri, ila si mawimbi. Weka mteja chini ya draya dakika 45, kisha mwache dakika 15 apoe kabla hujagusa pini. Nywele zenye joto bado hazijashika umbo. Zenye unyevu ndani ndizo hatari zaidi: juu zinaonekana kavu, ukichana zinaanguka zote. Fungua kikunjo kimoja cha kisogoni ujaribu kwanza.

Wasichana wa Uingereza walitumia maji ya sukari au bia badala ya jeli. Ukitaka kujaribu sukari, kijiko kidogo kimoja kwa kikombe cha maji, basi. Ikizidi, ukichana itadondoka vipande vyeupe na watu watadhani bibi harusi ana mba. Na vumbi letu la miezi ya upepo linanata vizuri sana kwenye sukari.

Kuna kawaida yao moja ambayo saluni za hapa zingefaa kuichukua. Sabuni nayo ilikuwa ya mgao, kuanzia Februari 1942 hadi Septemba 1950, na wengi waliosha nywele mara moja tu kwa wiki, kwa kipande cha sabuni. Sabuni ya kipande kwenye maji magumu hushikana na chokaa iliyomo na kuacha utando wa kijivu kwenye nywele. Waliusuuza kwa siki. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu pia, mnaona wenyewe chini ya birika. Kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa lita moja ya maji, kimiminwe mwishoni baada ya kusuuza, kisha maji matupu. Nywele zinalainika na jeli inashika sawasawa. Shampuu za kisasa haziachi utando mwingi kama sabuni ya mche, lakini chokaa ya maji yenyewe hubaki.

Klabu yetu ya maigizo inaandaa mchezo wa Uingereza wakati wa vita. Tumesoma kwamba wasichana walijipaka rangi miguuni badala ya soksi. Tutumie nini?
*Mwalimu, Dodoma mjini*

Walitumia chai, rangi ya mchuzi wa nyama au vipodozi vya miguu, kwa sababu hariri na nailoni vilikwenda kwenye miavuli ya askari wa angani. Kisha mstari wa wanja nyuma ya mguu, maana soksi za wakati huo zilifumwa bapa na kushonwa nyuma, na soksi bila mshono haikuonekana soksi.

Waigizaji wako hawahitaji chai. Kwenye miguu yenye rangi yetu haitaonekana, na inanuka jukwaani chini ya taa. Mstari peke yake unatosha. Miguu isipakwe mafuta siku hiyo, wanja juu ya mafuta huyeyuka. Mwigizaji asimame wima juu ya kiti, mwenzake anyooshe uzi kutoka katikati ya kisigino hadi nyuma ya goti, aweke nukta nne, ndipo aunganishe. Maliza kwa poda. Akijichorea mwenyewe kwa kujipinda, mstari utapinda mara tu atakaposimama.

Babu zetu husema karanga za Kongwa zilikuwa za kutengenezea vipodozi vya Wazungu. Ni kweli?
*Msomaji, Kongwa*

Hapana, zilikuwa za mafuta ya kula, hasa majarini, kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Uhaba huohuo ndio uliobana sabuni, kwa hiyo babu hawakwenda mbali sana. Mradi wa Uingereza wa kulima karanga hizo ulianza 1947 ukilenga ekari zaidi ya milioni 3. Mvua haikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza iliuacha.

Nataka suti ya "Teddy boy". Nimwambie nini fundi?
*Mwanafunzi, UDOM*

Koti lifike katikati ya paja, mabega yalegee, lisibane kiuno. Suruali iwe nyembamba, mzunguko wa chini inchi 14 hadi 16, iishie juu kidogo ya kiatu ili soksi ionekane. Viatu vya soli nene ya mpira. Mtindo uliiga nguo za enzi za Mfalme Edward VII, ndiyo maana ya "Teddy", ambalo ni ufupisho wa Edward. Washonaji wa matajiri wa London waliufufua baada ya vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya makabwela wakauchukua wakaufanya wao.

Kola ndiyo itakayomshinda fundi asiye makini. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja, hivyo vipande vyote viwili vikatwe vikielekea upande uleule, la sivyo kola itakuwa na rangi mbili kwenye picha. Asiipige pasi usoni. Ailaze juu ya taulo, uso chini, apitishe mvuke tu.

Juisi ya bitiruti inafaa kama rangi ya mdomo? Na masizi kwa kope?
*Msomaji, Manyoni*

Bitiruti ndiyo: paka kwa pamba, subiri ikauke, rudia mara tatu, funika kwa vaselini. Itatoka na chai ya kwanza. Masizi na rangi ya viatu viacheni, japo wapo waliovitumia wakati wa vita. Na wanja wa kipande ulowanishwe kwa maji safi. Wao waliutemea mate, wakashirikiana brashi moja wasichana watatu, na macho mekundu yakazunguka pamoja na brashi.