Mistari Inayokatizana Juu ya Ngozi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya ramani ya kale ya mabaharia wa Uhispania. Imejaa mistari inayokatizana, na majina mengine ya bandari yameandikwa kichwa chini. Mistari ile ilikuwa ya nini? Na je, ramani hizo zilikuwa za kuaminika?

JIBU: Ndugu msomaji, mistari hiyo si pambo, bali ndiyo iliyoifanya ramani kuwa chombo cha kazi. Kila mstari unafuata mojawapo ya pande 32 za dira. Rubani aliyetaka kutoka bandari moja hadi nyingine alitafuta, kwa kutumia bikari, mstari uliokwenda sambamba na njia yake, kisha akaufuata hadi kwenye ua la dira, yaani mchoro wa dira uliomo ramanini, ili ajue aelekeze wapi omo ya meli. Majina nayo yaliandikwa upande wa nchi kavu, kuifuata pwani, ili yasizibe miamba na mafungu ya mchanga yaliyochorwa majini. Bandari kubwa zilipewa wino mwekundu. Ramani ililazwa mezani ikazungushwa kadiri ya safari, kwa hiyo haikuwa na juu wala chini.

Kuhusu kuaminika, latitudo, yaani mahali ulipo kaskazini au kusini, ilipimwa kwa jua na nyota, lakini longitudo, yaani mahali ulipo mashariki au magharibi, ilikisiwa tu, na ndiyo maana umbali wa mashariki na magharibi mara nyingi ulikosewa. Katika mji wa Sevilla, ofisi iliyoitwa Casa de la Contratación, iliyoanzishwa mwaka 1503, ilitunza kuanzia mwaka 1508 ramani kuu ya serikali, Padrón Real, iliyosahihishwa kwa taarifa za marubani waliorudi. Ramani kuu yenyewe haikusalia, ila kazi za mchoraji ramani Diego Ribero za miaka ya 1527 na 1529 zinatuonyesha ilivyofanana.

Ukibahatika kufika Madrid, nenda Museo Naval ukaione ramani ya baharia Juan de la Cosa ya mwaka 1500, iliyochorwa juu ya ngozi yenye upana wa karibu sentimita 183. Mwaka 1494 Columbus aliwaapisha mabaharia wake, de la Cosa akiwa mmoja wao, kwamba Kuba ni sehemu ya bara. Miaka sita baadaye mtu huyo huyo aliichora Kuba ikiwa kisiwa, bahari ikiizunguka pande zote, na kwangu mimi hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote katika ramani hiyo. Upande wa magharibi kabisa, pale ambapo hakujua kama pana mlango wa bahari au nchi kavu, hakubuni pwani yoyote: aliweka picha ya Mtakatifu Kristofa akivuka maji, amembeba mtoto Yesu begani.